Wanjau Ndani ya Koti la Ojwang'

Jioni ya Vitimbi, kazi ya kwanza ilikuwa betri. Betri ya gari iliyopelekwa sokoni asubuhi kuchajiwa ilirudishwa nyumbani taratibu, kama mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Nyaya mbili zikabanwa, nyekundu kwake na nyeusi kwake. Televisheni ndogo ya Great Wall, ile ya picha nyeusi na nyeupe, ikanguruma kidogo kisha ikajaa chenga. Kijana mmoja akatumwa nje kushika mlingoti wa antena, mwingine akasimama mlangoni kupokezana maneno: zungusha kidogo, rudi, umepitisha, hapo hapo, usiguse tena! Chenga zikatulia. Katikati ya kioo akatokea mzee mwenye kofia na koti, uso ameukunja, anamfokea mkewe kwa Kiswahili ambacho hakuna mtu wa kijiji kile aliyekizungumza, na ambacho hapakuwa na mtu aliyeshindwa kukielewa.

Hivyo ndivyo nyumba nyingi za mashambani nchini Kenya zilivyompokea Mzee Ojwang' Hatari katika miaka ya 1990, na Kanyakine haikuwa tofauti. Soko hilo la Imenti Kusini liko kando ya barabara kuu inayotoka Meru kuelekea Embu, kati ya Nkubu na Igoji, mahali ambapo watu huishi kwa chai, kahawa, ndizi na ng'ombe wa maziwa. Umeme ulichelewa kufika katika boma nyingi. Mwenye televisheni hakuwa na namna ya kuitazama peke yake. Watoto walikaa sakafuni mbele, wazee wakapewa viti, na akina mama waliosema hawana nafasi ya mambo hayo walisimama mlangoni na sufuria mkononi hadi kipindi kikaisha.

Wengi wa watazamaji hao wangekuapia kwamba mzee yule ni Mjaluo. Jina lake la Kijaluo, matamshi yake ya Kijaluo, hasira zake na majivuno yake vyote vilikuwa vya mzee wa kutoka kando ya ziwa ambaye maisha yamemleta mjini na yeye akakataa kubadilika. Lakini aliyekuwa ndani ya koti lile aliitwa Benson Wanjau Karira, na alikuwa Mkikuyu.

Wamarekani wana jina maalumu la mwigizaji wa aina yake, character actor. Kiswahili bado hakijalipatia jambo hilo neno moja lililozoeleka, ingawa kila mtazamaji anamjua mtu mwenyewe. Siye yule kijana mwenye sura ya kupendeza anayeachiwa msichana mwishoni mwa filamu. Ni mwenye duka, ni hakimu, ni mlinzi wa lango, ni baba mkwe mkaidi. Ukimwona unasema, huyu namfahamu, na jina lake halisi hulijui. Kazi yake ni kumtengeneza mtu mwingine kuanzia kwenye kucha hadi kwenye kikohozi, kisha yeye mwenyewe ajifiche asionekane. Anayefanya kazi hiyo vizuri sana hulipwa kwa kusahauliwa jina.

Wanjau aliifanya vizuri sana.

Alianza kuonekana kwenye runinga miaka ya 1980, wakati kituo kilikuwa kimoja nchini, Sauti ya Kenya, ambacho mwaka 1989 kilirudi kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Kituo cha kwanza cha binafsi, KTN, kilikuja mwaka 1990. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye katika sehemu ambazo mawimbi ya wengine hayakufika, aliyeonekana KBC alionekana na nchi nzima. Hapakuwa na kuhama kituo. Wanjau alipitia Darubini na Vioja Mahakamani kabla ya kutulia katika Vitimbi, kipindi kilichomfanya kuwa mzee wa kila nyumba.

Majina ya vipindi hivyo yalikuwa mazuri na yalisema kweli. Vioja ni mambo ya ajabu yasiyotarajiwa, na mahakama ile ya kuigiza ilikuwa na hakimu, karani, polisi na washtakiwa waliokuja na kesi za kuku, za mahari, za pombe na za ardhi. Vitimbi ni visa na hila, yale mambo mtu anayomzungushia mwenzake. Nyumba ya Ojwang' ilijaa hayo. Ojwang' alikuwa bahili, mjanja aliyezidiwa ujanja, mwenye amri nyingi na watu wachache wa kuzitii. Mkewe, Mama Kayai, alimzidi akili mara nyingi na kumvumilia mara nyingi zaidi. Wahusika wengine, akina Lipukhe, walipita humo wakiongeza kuni kwenye moto.

Vipindi hivi havikutegemea kijitabu cha maneno ya kukariri. Kwa kiasi kikubwa waigizaji walipewa kisa, wakajua kinaanzia wapi na kinaishia wapi, kisha maneno wakayatafuta wenyewe kamera ikiwa inazunguka. Anayedhani hilo ni jambo jepesi ajaribu kusimama mbele ya watu kumi na kubishana dakika tano bila kurudia neno, bila kumkata mwenzake pabaya, na bila kusahau kwamba yeye ni mtu mwingine. Wanjau na wenzake walifanya hivyo wiki baada ya wiki kwa miaka. Ndiyo maana mabishano yao yana pumzi ya nyumba halisi: mtu anaanza sentensi, anaghairi, anasonya, anarudi alikotoka.

Lugha yenyewe inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo ufundi wa Wanjau ulipojificha. Kiswahili cha Mkenya wa bara hubeba alama za lugha ya mama yake. Mkikuyu mara nyingi huchanganya l na r, maana lugha yake haizitenganishi, na b ya mwanzo wa neno huvutwa na m ikawa mb. Mjaluo hana shida na l wala r. Yake ni sauti ya sh, ambayo haimo katika lugha yake, basi shamba huwa samba na shilingi huwa silingi. Hali kadhalika z hugeuka s, na mzee akawa msee.

Sasa mfikirie Wanjau. Ili awe Ojwang', ilimbidi kwanza azizuie alama ambazo masikio ya Wakenya huzitambua upesi kwa Mkikuyu, zisimponyoke hata neno moja, kisha avae alama za mtu mwingine kabisa, tena akiwa amekasirika, akipiga kelele, akibuni maneno papo hapo. Mtu akishikwa na hasira lugha ya mama yake hujitokeza yenyewe. Ojwang' alikuwa na hasira katika kila kipindi. Kwa miongo kadhaa nchi ilimsikiliza ikiwa imetega masikio kwa makabila, kama ilivyo kawaida yetu, na Wanjau hakujitokeza.

Wanafunzi wa sekondari hufundishwa katika fasihi kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Bapa ana upande mmoja tu, ukimwona leo umemwona siku zote. Duara hubadilika na ana mambo ndani yake. Ojwang' ni somo zuri hapa, maana kwa juu anaonekana bapa kabisa: mzee mkali wa lafudhi nzito. Lakini tazama anapodanganywa na mtu aliyemwamini. Sauti hushuka. Kofia hurekebishwa pasipo sababu. Kwa sekunde mbili tatu unamwona mzee aliyeogopa kwamba ameanza kuwa mjinga, kisha mikwara inarudi kufunika kidonda. Hilo hakuna kisa kilichoandikwa kingempa. Lilitoka kwa mwigizaji.

Na hapa ndipo lafudhi yake ilipotofautiana na mzaha wa kikabila uliojaa katika uchekeshaji wetu. Kuna mchekeshaji anayeiga matamshi ya watu wengine ili wenyewe waonekane washamba. Watu wa Meru wanaujua mzaha huo barabara: kila baite, yaani Mmeru, anayetokea kwenye mchezo lazima awe na hasira za ghafla na panga karibu. Ojwang' hakuwa hivyo. Upumbavu wake haukutokana na Ujaluo. Ulitokana na uchoyo, na uchoyo kila kabila linao. Mzee wa Kanyakine aliyecheka jioni ile alikuwa akimcheka shemeji yake, au jirani, au nafsi yake mwenyewe, na Wajaluo walimpenda Ojwang' kama mtu wao.

Upande wa pili wa meza hali ilikuwa ile ile. Mama Kayai ni Mary Khavere, Mluhya. Kwa hiyo mume na mke wa Kijaluo waliojulikana kuliko wote katika runinga ya Kenya walikuwa mwanamume Mkikuyu na mwanamke Mluhya. Wengi waliamini kwamba hata nje ya studio wawili hao ni mtu na mkewe, na kumbe Wanjau alikuwa na mke wake nyumbani, ambaye nchi haikumfahamu. Masanduku arap Simiti, aliyefahamika kwa matamshi yake ya Kikalenjin, jina lake halisi ni Sammy Muya. Kizazi kizima cha waigizaji kilivaa makabila ya ndugu zake na kuyavua, na watazamaji wakayapokea yote.

Jambo hilo halikuwa dogo katika nchi hii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya waligeukiana, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ikahesabu watu 1,133 waliouawa. Majina ya ukoo yalitosha kumwokoa mtu au kumuua. Wakati huo huo, mtu ambaye Wakenya wengi wangemtaja kwanza wakiulizwa Mjaluo wa runingani alikuwa akiitwa Wanjau. Hakupanda jukwaa la siasa kulisema hilo. Lilikuwa ndani ya kazi yake tangu miaka zaidi ya 20 nyuma, kwa yeyote aliyejua.

Mfano wa kinyume chake ulikuja muda mfupi baadaye. Mwaka 2010 ilitoka filamu ya The First Grader, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick, kuhusu Kimani Maruge, mkongwe wa Mau Mau aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Maruge alikuwa Mkikuyu. Aliyemwigiza ni Oliver Litondo, mwanahabari wa zamani kutoka jamii ya Waluhya, ambaye alikuwa ameonekana katika filamu miaka mingi nyuma, kwenye sehemu ndogo ndogo kwa kubwa kubwa. Alipopewa uzito wa filamu nzima alikuwa tayari mzee. Uso wa Litondo darasani, magoti yamebanwa kwenye dawati la mtoto, kaptura na soksi ndefu, umebaki kuwa mojawapo ya picha bora zilizowahi kutoka katika sinema ya Kenya.

Marekani nako kuna wazee wa aina hii, na mmoja anafaa kutajwa kwa sababu watoto wa Kenya wanaijua sauti yake bila kujua jina lake. James Hong alizaliwa Minneapolis mwaka 1929 kwa wazazi Wachina, akasomea uhandisi, akawahi kuwa mhandisi wa barabara Los Angeles kabla ya kuiacha kazi hiyo kwa ajili ya uigizaji. Tangu miaka ya 1950 ameonekana au kusikika katika mamia ya filamu na vipindi: daktari hapa, mwenye mkahawa pale, jambazi kule. Bata bukini muuza tambi anayemlea dubu katika Kung Fu Panda ni yeye. Nyota yake kwenye njia ya mashuhuri kule Hollywood iliwekwa mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 93, na hata hapo ilibidi mwigizaji mwenzake, Daniel Dae Kim, awaombe watu mtandaoni wachange fedha za kuigharimia.

Kwa hiyo kucheleweshewa heshima si ugonjwa wa Kenya pekee. Tofauti iko mahali pengine, kwenye malipo, na inafaa ielezwe polepole.

Mwaka 1960 waigizaji wa Marekani waligoma kupitia chama chao. Wakati huo rais wa chama alikuwa Ronald Reagan, yule yule aliyekuja kuwa rais wa nchi. Filamu za zamani zilikuwa zimeanza kuonyeshwa kwenye televisheni, wenye studio wakivuna upya na waigizaji hawapati kitu. Mgomo ule ulileta mambo mawili ambayo bado yanawalisha wazee kama Hong: malipo ya marudio, yaani kazi ikionyeshwa tena mwigizaji analipwa tena, na mfuko wa pensheni na matibabu. Mwigizaji wa sehemu ndogo ndogo Marekani hatajiriki kwa hayo, lakini akizeeka ana pa kushika.

Mwigizaji wa kwetu, kwa kawaida, hulipwa kwa kipindi. Umefika, umeigiza, umepewa chako, kwaheri. Kipindi kikirudiwa usiku wa manane miaka 15 baadaye, kikikatwa vipande na kusambazwa kwenye simu, kikichekesha watu ambao hawakuwa wamezaliwa kilipotengenezwa, mwenye uso ule anaweza kuwa amelala nyumbani hana nauli ya kwenda kliniki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iliwatambua waigizaji kama wenye haki katika kazi zao, na chama cha PRISK kikapewa kazi ya kuwakusanyia mirabaha. Duniani, Mkataba wa Beijing kuhusu haki za waigizaji katika kazi za picha na sauti ulipitishwa mwaka 2012 na kuanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020. Hatua hizo ni za maana. Kwa kizazi cha Ojwang' zilikuja jua likiwa limekwisha kuelemea magharibi.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, habari ni kama pacha wake. Amri Athumani, maarufu kama King Majuto, mzaliwa wa Tanga mwaka 1948, alichekesha Afrika Mashariki nzima kwa miongo, jukwaani, kwenye kanda za video na kisha kwenye diski. Sura yake ilitangaza bidhaa, ikauza filamu. Alipougua, mwaka 2018, habari za mikataba yake zilijitokeza hadharani, na waziri aliyehusika na sanaa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huo huo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Mchekeshaji aliyefahamika kuanzia Mombasa hadi Bujumbura alihitaji kulazwa kitandani ndipo mikataba isomwe.

Kwa Wanjau kilichotangulia ni macho. Katika miaka yake ya mwisho, baada ya kuachana na Vitimbi, vyombo vya habari vilitangaza kwamba Mzee Ojwang' anaelekea kupofuka. Picha zilimwonyesha mzee aliyekonda, akitafuta kiti kwa mkono. Wakenya walifanya wanachojua kufanya: walitoa simu. Shilingi 50 kutoka kwa huyu, 100 kutoka kwa yule, 1,000 kutoka kwa aliyejaliwa, zikapita kwenye M-Pesa kwenda kwa mtu ambaye wengi hawakuwahi kukutana naye ila kupitia kioo. Alifanyiwa upasuaji wa macho.

Mchango ule ulikuwa wa upendo, na hakuna sababu ya kuudharau. Watu waliomcheka pamoja kwenye sebule ya jirani walimchangia pamoja. Lakini harambee si mshahara, wala si pensheni. Mkulima wa chai wa Imenti Kusini anajua kwamba kila Oktoba ana malipo yake ya mwisho wa mwaka, ile bonasi, kwa majani aliyochuma zamani na yakauzwa baadaye. Anaweza kulalamika kwamba ni ndogo, na hulalamika sana, lakini hakuna anayemwambia kwamba majani yakishatoka mkononi mwake hana dai tena. Mwigizaji aliomba jambo hilo hilo tu: jani lake likiuzwa tena, akumbukwe.

Jumapili ya tarehe 12 Julai 2015 Benson Wanjau alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa nimonia. Alikuwa na miaka 78. Kwa baadhi ya Wakenya hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza kulisikia jina lake halisi. Magazeti yalilazimika kuandika majina yote mawili, la kuzaliwa na la kazi, ili msomaji ajue ni nani aliyefariki.

Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kupokewa na wengine. Mwaka 2007 runinga ya Citizen ilianza kuonyesha Papa Shirandula, kisa cha mlinzi wa lango ambaye mkewe amedanganywa kwamba mumewe ni bwana mkubwa ofisini. Aliyeigiza ni Charles Bukeko wa Busia, mtu wa jukwaa kabla ya kuwa wa runinga, mwenye mwili mkubwa na uso unaoweza kubadilika mara tatu katika sentensi moja. Bara la Afrika lilimwona pia kwenye tangazo la Coca-Cola. Yeye hakuvaa kabila la mtu. Alimchukua mlinzi, ambaye kila mtu anampita bila kumtazama, akamkalisha katikati ya sebule za Wakenya kwa zaidi ya miaka 10. Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, akiwa na miaka 58, kwa ugonjwa wa korona.

Imenti Kusini nayo imetoa wake. Jasper Muthomi, ambaye nchi inamwita MC Jessy, alijijengea jina kwenye kipindi cha uchekeshaji cha Churchill Show akichekesha kwa Kiswahili chenye ladha ya Kimeru. Tofauti na Wanjau, hakuhitaji kuvaa matamshi ya mwingine. Alichukua ya kwao, yale yale ambayo wengine waliyatumia kumdhihaki mtu wa Meru, akayashika yeye mwenyewe kwenye maikrofoni, na chumba kikacheka akiwa ndiye mwenye usukani. Mwaka 2022 alijitosa pia katika mbio za ubunge wa Imenti Kusini.

Na chini yao wote kuna shule. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo limekuwapo tangu mwaka 1959, na kila muhula wa kwanza, kutoka Kanyakine hadi Chuka hadi Embu, wanafunzi hujifungia ukumbini baada ya masomo na kufanya mazoezi hadi sauti zikauke. Huko ndiko waigizaji wengi wa Kenya walikoanzia. Mvulana wa miaka 16 akipewa sehemu ya mzee, kitu cha kwanza anachoomba ni fimbo. Cha pili ni kuinama mgongo. Cha tatu ni kutetemesha sauti, na mwalimu anashika kichwa, maana mazee hayo yote yanafanana na hakuna babu wa mtu yeyote anayetembea hivyo. Vipande vya zamani vya Vitimbi ni darasa zuri kwa mvulana huyo. Ojwang' hainami. Husimama wima kupita kiasi, kidevu juu, kama mtu anayehofia kwamba akilegea kidogo tu watamwona amezeeka. Uzee wote uko kwenye kukataa uzee.

Milingoti ya zamani ya antena bado inaonekana juu ya mapaa kadhaa ya mabati kando ya barabara ile ya Nkubu na Igoji. Mwaka ule ule wa 2015 aliofariki Wanjau, Kenya ilizima mitambo ya analogi, na antena nyingine zikaunganishwa na visanduku vya dijitali, nyingine zikabaki vyuma vya ndege kutulia. Kijana hatumwi tena nje kuzizungusha. Chini ya paa, kwenye simu iliyoegemezwa kikombe cha chai, picha ni safi na haina chenga, na mzee mwenye kofia anamwambia Mama Kayai kwamba samba ni lake na silingi hatoi.